Fungu la Zamzam

Al Ansab, Maskati
Jumatano, mwezi wa Shaaban

Mdogo wangu Salma,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ukiuona mwandiko wangu usiichane hii barua, nakuomba. Najua umeghadhibika na mie, na haki unayo. Mwaka unakaribia kwisha sijakuandikia wala kukupigia, na ulipopiga wewe kunipa pole ya msiba nlikujibu "ahsante" moja kavu, simu nikampa mwanangu Nassor. Mtu na dada yake! Nambie kwanza, presha yako vipi? Zile dawa unakunywa kila siku, au unakunywa siku ukiumwa kichwa tu, kama ilivyo ada yako? Na shemeji yangu goti lake limepoa? Na yule mjukuu wako wa mwisho, keshaanza kutembea? Mie mwili mzima, Alhamdulillahi. Eda nimetoka wiki tatu zilizopita. Ni moyo ulionikalisha kitako kuandika.

Salma, yule mwanamke nliyekutuma ukamtafute hayupo. Hakuwepo tangu mwanzo. Nakuomba radhi kwa yote nliyokutamkia, na hasa lile neno kwamba unamjua na unamfichia shemeji yako kwa sababu alikusomeshea watoto. Nlilisema nikijua litakuuma. Sasa nisikilize nikueleze tangu mwanzo, maana hata wewe nlikupa nusu ya habari.

Unajua Hilal alistaafu forodhani, kazi aliyoishika tangu tulipohamia huku. Na unajua mie kwenye pesa za mume wangu sikuwa mtu wa kupekua. Anachonipa napokea. Mwaka jana nikaenda khitma moja Al Khoudh, nikakaa sinia moja na mke wa mwenzake Hilal. Waume zetu walianza kazi pamoja, cheo kimoja, wakastaafu pamoja. Na wanawake tukikaa, si unatujua. Akanitajia pensheni ya mumewe, wala hakuitaja kwa kujivuna, alikuwa anailalamikia haitoshi. Mie nikabaki na tonge mkononi. Ya kwetu ilikuwa imepungua kuliko ile anayoilalamikia, tena si kidogo.

Nikarudi nyumbani, nikangoja Hilal aende msikitini, nikafungua mkoba wake wa karatasi. Nikaikuta stakabadhi ya pensheni. Kabla pesa hazijafika kwake kuna fungu linakatwa, kila mwezi, linakwenda Zanzibar, na mbele ya fungu limeandikwa jina: Zamzam Hilal.

Wewe ungefikiri nini? Mtoto huitwa kwa jina la babake. Basi kuna mtoto, na kama kuna mtoto kuna mamake. Na kila baada ya miaka miwili Hilal alikuwa anakuja huko peke yake, akirudi anasema alikwenda kuzuru makaburi ya wazee. Wanaume wetu wa huku tunawajua. Wangapi wana nyumba ya pili Unguja na mke kijana, na huyu wa Maskati anaambiwa bwana kaenda kutizama mikarafuu? Kila kitu kikapanga foleni kichwani mwangu, kikakaa sawasawa, na mie nikajiona mjanja sana kwa kuvumbua.

Sikumuuliza. Hapo ndipo nlipokosa, na hapo ndipo narudi kila siku. Nlichofanya, niliichukua ile karatasi nikaiweka kwenye sinia yake ya chakula, nikaifunika kawa. Akafunua akitaraji samaki.

Akaitizama. Akaniambia, "Raya, kaa kitako nikwambie."

"Sikai. Huyo mwanamke wako ana umri gani?"

"Si mwanamke."

"Nani basi? Mtoto wako?"

Akaiweka karatasi kando ya sinia. Halafu akasema, "Ndiyo. Ni mtoto wangu, Raya, na..."

Sikumngoja amalize. Nlimwapia, wallahi, akilitaja jina lile tena chini ya paa lile navaa buibui langu narudi Unguja, na watoto wake wote watajua kwa nini. Yeye akabaki pale mbele ya sinia, mkono juu ya ile karatasi. Unamjua Hilal, hakuwa mtu wa kushindana na maneno. Akaikunja, akaitia mfukoni. Hakulitaja tena jina lile.

Baada ya hapo, Salma, nlimnunia mume wangu miezi saba. Sikumnyima kitu. Chakula kilipikwa, kanzu zilipigwa pasi, dawa zake za moyo zilikuwa mahali pake. Ila vyote vilipita mkononi mwa Neema, yule msichana wa Tanga anayetusaidia nyumbani. Mie nlikuwa nikisema na ukuta. "Mwambie chai tayari." Na yeye yuko palepale anasikia! Neema masikini, siku moja akaniambia, "Mama, mimi nimekuja huku kufanya kazi za ndani, lakini hii ya utarishi sikuambiwa." Hilal akacheka chini kwa chini. Mie sikucheka, na nlitaka kucheka.

Ndio miezi ile nliyokutuma wewe. Ukazunguka Ng'ambo nzima, ukauliza Michenzani, ukauliza mpaka Bububu, ukaniandikia kwamba hakuna anayemjua mtoto wa Hilal wala mke. Mie nikasema Salma kanunuliwa.

Siku aliyofariki ilikuwa baada ya Adhuhuri, jua kali, kiyoyozi kinavuma. Alikuwa amejilaza chumbani. Neema akaja. "Mama, babu anakuita." Nikamwambia mwambie nnasali. Nlikuwa sisali, Salma. Nlikuwa nimekaa juu ya msala na tasbihi mkononi, nimeshamaliza zamani, nakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Akarudi mara ya pili. "Mama, babu anasema ana neno moja tu." Nikamwambia nimeshakwambia nnasali. Mara ya tatu alisimama mlangoni tu, na mie nikajua. Nlipofika mkono wake bado una joto, na ulikuwa umefunguka hivi juu ya shuka, kama wa mtu anayemkaribisha mwenzake kukaa.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nassor na nduguze wakaja, watu wakajaa, wakamzika kabla ya Magharibi.

Nikaingia edani. Miezi minne na siku kumi. Watu wanakuja wananishika mkono, "Raya, subiri, mume mwema umempoteza," na mie ndani ya roho nasema hamumjui. Unajua adhabu kubwa kuliko kulia? Kukaa eda na hasira. Machozi yalitoka, watu waliyaona, lakini yalikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Sikumlilia yeye. Hata dua nlikuwa namuombea kwa midomo tu. Mungu anisamehe.

Eda ilipokwisha, Nassor akanipeleka Ruwi, kwenye ofisi ya pensheni, kuandikisha fungu langu la mjane. Kijana aliyetupokea kumbe ni wa kwetu, mamake mtu wa Pemba. Akanisikia nnasema na Nassor Kiswahili, akageuza maneno palepale: "Karibu, bibi, kaa." Akafungua faili la Hilal. Akaniambia kwamba pensheni ya marehemu imekwisha siku aliyofariki, sasa mjane anaandikwa upya, na kile kiwango ni kidogo kuliko cha mwanzo. Halafu akasema, "Na lile fungu la Zanzibar nalo limesita. Agizo la mtu halivuki kifo chake."

Nikamwambia afadhali. Nassor akanitizama. Nikasema, maana ilikuwa imenifika kooni, "Huyo Zamzam na mamake watafute mume mwengine wa kuwalisha."

Yule kijana akageuza karatasi, akaisoma, akaniangalia tena. "Bibi," akasema, "hii siyo nyumba ya mtu. Hii ni hospitali. Wadi ya wazazi, huko shamba, Kaskazini."

Akanieleza taratibu, kama anamfunza mtoto. Akasema huku mishahara haikatwi kodi, mtu hapati nafuu yoyote kwa kupitisha sadaka yake ofisini, kwa hivyo watu hawajishughulishi na mambo kama haya, sadaka zao wanatoa mkononi. Lakini mzee alikuja na mpango wake kamili, siku ileile aliyokuja kuandikisha pensheni. Hakutaka pesa zile zifike kwake kwanza. Zikifika kwake zingechanganyika na akiba, zikikaa mwaka zinaingia kwenye hesabu ya zaka, na yeye zaka yake alikuwa akiitoa mbali. Alitaka zitoke kwenye pensheni moja kwa moja, ziwe si zake tena kabla hajaziona. Na vifaa asinunue yeye. Nikamuuliza kwa nini asinunue yeye, watu wote si wanapakia makontena ya kwenda Unguja? Akanipa barua, nakala ya ile Hilal aliyowaandikia hospitalini, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Nakunukulia, maana nimeshaijua kwa moyo:

"Mimi nimefanya kazi forodhani maisha yangu, na ninajua kila mlango mali inapopita huachwa kitu. Nikinunua mashine nikaituma kwa jina langu itatozwa ushuru kama mali ya mtu. Mkinunua nyinyi kwa jina la hospitali mna msamaha wa ushuru, na ile tofauti ni dawa. Kwa hivyo pesa ninaziachia kwenu, zitumike kwa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, wapate joto. Jina la fungu liwe la binti yetu wa kwanza, Zamzam. Alikaa siku tatu. Mama yake alikuwa mgonjwa na wazee walikataza asikumbushwe, kwa hivyo jina nilimpa mimi siku ya kumzika. Ninataraji iko siku nitamwambia."

Salma, nlisoma mpaka hapo, tena sikumbuki. Nassor anasema niliinuka nikakaa, nikainuka nikakaa, na yule kijana akatoka nje akafunga mlango, akatuachia ofisi yake.

Nassor hakuwa anajua. Umri wake wote hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na dada. Mtoto mzima wa ndevu nyeupe akaniuliza, "Mama, tulikuwa na dada?" Mie mwenyewe nlikuwa nimefunzwa kwamba hatukuwa na kitu.

Wewe unakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, umeletwa shamba kwa mama mkwe unisaidie kazi. Siku mbili na uchungu, gari haipatikani, mtoto kaja kabla ya mwezi wake. Nakumbuka sauti yake, ndogo, kama ya kifaranga. Nakumbuka mama mkwe anaomba pamba, anaomba mkaa zaidi kwenye seredani, chumba kinakuwa moto sisi tunatoka jasho, na bado wanasema mtoto baridi, mtoto baridi. Halafu homa ikanichukua. Nlipozinduka, kitanda kimetandikwa shuka jipya, seredani imeondolewa, hakuna hata kitambaa. Nikauliza. Mama mkwe akaniambia, "Siku saba hazikutimia, hakuwa na jina, hakuna wa kumlilia. Atakuja mwengine." Nikalia, nikalia mpaka wakaogopa akili yangu. Hapo ndipo walipokula yamini wote nyumba nzima, asitajwe. Na kweli, mwengine akaja, nikaitwa Mama Nassor, na huyo wa mwanzo nikamfungia chumba ndani yangu nikatupa ufunguo. Na Hilal alikula yamini pamoja nao. Yamini yake aliishika, loo, aliishika mpaka akafa nayo kinywani.

Mie nlidhani yeye kasahau. Nlikuwa hata nikimuonea chuki kidogo, miaka na miaka, kwamba mwanamume kazika mwanawe asubuhi na jioni kala. Kumbe alikuwa anakuja huko kila akipata likizo, na ninavyojua sasa, yale makaburi ya wazee aliyokuwa akizuru lilikuwamo na moja dogo.

Yule kijana aliporejea alinionesha barua nyengine. Ni ya muuguzi mkuu wa wadi, imekuja ofisini kwao baada ya msiba, hajui kama mwenye fungu kafariki. Anasema wana kisanduku cha joto walichokinunua kwa pesa za Hilal, na wauguzi wamekipa jina. Mtoto njiti akizaliwa, wanaambizana, "Mlaze kwa Zamzam." Wako watoto wanaokwenda skuli sasa waliolala humo. Lakini kimeharibika, kipuri chake lazima kiagizwe, na tangu fungu limesita hawana cha kuagizia. Anasema kwa upole kabisa kwamba kwa sasa wanawafunga watoto kwa pamba, wanaweka na jiko karibu.

Pamba na jiko, Salma! Nikasema hapana. Nikasema pale pale, kwa sauti, mpaka mtu wa ofisi ya pili akachungulia. Nikamwambia yule kijana, katika pensheni yangu ya mjane, kata. Kata kama alivyokuwa akikata yeye, isinifikie mkononi, iende hivyohivyo kwa jina la hospitali. Nassor akaninong'oneza, "Mama, chako ni kidogo, itakutosha?" Nikamwambia mie nala mara ngapi kwa siku? Kanzu za kushona nshazishona, za nini tena? Akainamisha kichwa. Kwenye gari akaniambia kipuri atakilipia yeye na nduguze, fungu la kila mwezi liwe langu. Mtoto mwema yule, ana roho ya babake na mie sikuwa nikiiona kwa babake.

Kijana akanipa fomu ya kujaza. Jina langu, namba ya pensheni, wapi iende, sahihi. Na mstari mmoja unauliza uhusiano wangu na jina lililoandikwa kwenye fungu. Kalamu ikanigandia. Nikamwambia nipe niende nayo nyumbani. Imekaa siku nne juu ya meza, Neema anafuta vumbi anaipita. Leo asubuhi, baada ya Alfajiri, nimeijaza. Jumapili ofisi ikifungua Nassor ananipeleka.

Sasa mdogo wangu, nna ombi moja, na wewe tu ndiye unayeweza. Mama mkwe kafariki, mkunga kafariki, Hilal sasa kafariki. Waliomuona wamekwisha ila wewe. Mie sikuoneshwa uso, nlikuwa na homa. Uliteka maji ya kumuoshea, nakumbuka waliniambia baadaye kwamba Salma ndiye aliyeteka maji. Niandikie alikuwaje. Alikuwa na nywele? Rangi alichukua kwa nani? Alifumbua macho japo mara moja? Usiogope kunikumbusha. Nimekaa na watu walioogopa kunikumbusha maisha yangu yote, na mume wangu kafa na neno mdomoni kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya kiburi changu. Andika hata kama ni maneno mawili. Na ukipata nafasi nenda kule shamba kwenye yale makaburi, umtizame kwa niaba yangu mpaka nijaaliwe kuja. Shemeji huenda anapajua, Hilal alikuwa akifuatana naye.

Nikilala sasa namlilia Hilal kama inavyotakiwa. Nimechelewa, eda imekwisha, watu wanashangaa Raya kaanza msiba upya. Waache washangae. Namsemesha sasa kutwa nzima, mambo ya miezi saba yote namwambia, Neema anadhani nasema na yeye.

Nisalimie shemeji, mwambie asibebe mizigo na goti lile. Nisalimie mwanao mkubwa, mwalimu, na mkewe. Msalimie binti yako wa Chukwani, mwambie ujauzito wake huo asiulee kwa kukaa nyumbani, aende kliniki mapema, na uchungu ukianza asisubiri gari ya mtu. Msalimie na shangazi, na uniombee radhi kwake kwa kuwa nlimtuma naye apeleleze. Neema anakusalimu, anasema anakujua kwa sauti ya simu. Nassor anasema atakupigia mwenyewe Ijumaa, usione ajabu akikuuliza mambo ya zamani, mwambie yote.

Nisamehe, Salma. Nambie umenisamehe, hata kwa ukali.

Ni mie dada yako Raya,

Mama Zamzam